Ujasiri wa wakili huanza kabla kesi haijaitwa

Januari 1908, Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki Geoffry Northcote, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa akiswaga ng'ombe waliotwaliwa kwa Abagusii wa Kisii, Kenya. Moraa moka Ng'iti, mama aliyeogopwa na kuheshimiwa kwa utabiri wake, anakumbukwa hadi leo kwa kuwachochea vijana wasikae kitako mifugo ikienda. Northcote hakufa. Alipona, akapanda vyeo, na mwaka 1937 akawa gavana wa Hong Kong. Aliyekufa ni Otenyo, na pamoja naye watu wengi ambao hawakuwa wameshika mkuki wowote. Mapema Februari idadi ya waliouawa na kikosi cha Waingereza cha kuadhibu ilikuwa imefika 160. Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, na ambaye hakuwa mtu wa kushtushwa na vita, aliandika kutoka London kwamba hapendi sauti ya taarifa zile, kwamba mambo yale yalifanana na uchinjaji, akauliza kama kweli kulikuwa na haja ya kuendelea kuwaua watu wasio na kinga.

Abagusii hawana sababu ya kumwonea Otenyo haya, na mimi simpunguzii heshima yake. Ila nina shaka na jinsi tunavyomtumia. Kila tunapotaka kumsifu wakili wa kesi za jinai, tunakimbilia lugha ya vita: amepigana, amemvuruga shahidi, ameurarua upande wa mashtaka. Mteja hutoka kortini akiwa na kifungo cha miaka 20 na bado jamaa zake husema wakili wao alikuwa simba. Tumelichukua lile tukio moja la mkuki kuwa kipimo cha ushujaa wote, tukaacha yaliyolitangulia na yaliyolifuata. Wakili anayetaka kujifunza kutoka vitani ana mengi ya kuchukua, na mkuki ni wa mwisho katika hayo. Cha kwanza ni kujua unaingia katika uwanja gani. Cha pili ni kujua nani atalipa iwapo hesabu yako imekosea, kwa sababu vitani askari aliyekosea huweza kufa yeye mwenyewe, lakini kortini wakili aliyekosea hurudi nyumbani kula chakula cha jioni, na anayepanda gari la magereza ni mtu mwingine. Kwa sababu hiyo ujasiri wa wakili hauna budi kupimwa kwa namna alivyomkinga mtu yule. Sauti kubwa haiingii katika kipimo hicho.

Miaka mitatu kabla ya mkuki wa Otenyo, mwaka 1905, vijana wa Gusii walikuwa tayari wamejaribu kuivamia kwa mikuki safu yenye bunduki ya rashasha. Robert Foran, ofisa wa polisi aliyeandamana na msafara huo, aliandika baadaye kwamba bunduki hiyo ilipiga mfululizo hadi ikakaribia kuwa nyekundu kwa moto. Hakuna anayeweza kusema vijana wale walikosa ujasiri. Walichokosa ni habari. Na hili la habari lilirudi tena Kisii mnamo Septemba 1914, safari hii likiwapata wazungu wenyewe. Wajerumani walivuka mpaka kutoka Tanzania ya leo na kuuteka mji wa Kisii ambao maofisa wa serikali walikuwa wameuacha. Siku iliyofuata, Septemba 12, kikosi cha King's African Rifles kilichopitia Kendu Bay kiliwashambulia, na kapteni wake, Thorneycroft, akauawa. Waingereza wakaishiwa risasi, wakarudi nyuma. Wajerumani nao, wakidhani hali imewaharibikia, wakaondoka kurudi mpakani. Kila upande ulidhani umeshindwa. Mji ukabaki mtupu, wenyeji wakaingia na kuchukua walichokikuta, kisha serikali iliyokimbia ikarudi na kuwaadhibu wao. Ukitaka kujua uongozi mbaya hugharimu nani, tazama hapo.

Wakili anayefika kortini bila kujua upande wa pili una nini amejiweka katika hali ileile ya Septemba 1914, na siku hizi hana kisingizio. Tangu uamuzi wa kesi ya George Ngodhe Juma mwaka 2003, mshtakiwa nchini Kenya anaweza kudai taarifa za mashahidi mapema, na Katiba ya 2010 ikalitia hilo katika Kifungu cha 50. Mchukue mkulima wa chai kutoka Nyamache anayeshtakiwa kwa mauaji, ambaye kesi yake itasikizwa katika Mahakama Kuu mjini Kisii, na shahidi mkuu ni jirani anayesema alimwona usiku. Hapo kesi nzima imekaa juu ya taa. Ilikuwa taa ya kibatari, ya sola, au mwanga wa tochi iliyokuwa mkononi mwa mshambuliaji mwenyewe, ambayo humulika anayetazama ikamwacha aliyeishika gizani? Ilikuwa imetundikwa wapi? Migomba ilikuwa upande gani wa njia? Shahidi alimwona mtu huyo kwa muda gani, na alimtaja kwa jina alipofika polisi mara ya kwanza, au jina lilikuja baadaye, baada ya matanga? Haya si maswali ya ujanja. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilionya mwaka 1953, katika kesi ya Abdalla bin Wendo, kwamba ushahidi wa mtu mmoja aliyemtambua mwenzake katika mazingira magumu lazima upimwe kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 1986, katika kesi ya Maitanyi, Mahakama ya Rufani ya Kenya ikasema wazi kwamba ni lazima iulizwe taa ilikuwa ya aina gani, ukubwa gani, na ilikaa wapi kwa kumlinganisha na mshukiwa. Wakili atakayepanda matatu hadi Nyamache, akashuka bondeni, akasimama pale shahidi aliposimama, na akafanya hivyo jioni giza likiingia, huyo ndiye shujaa ninayemtaka mimi. Akirudi kortini anaweza kuuliza maswali sita kwa sauti ya chini, akakaa.

Mfano ulio wazi zaidi wa ushujaa wa namna hii nchini uko Kapenguria. Jomo Kenyatta na wenzake watano walipelekwa huko mwishoni mwa 1952, katika eneo lililofungwa ambalo mtu aliingia kwa kibali, na mawakili wao walilala Kitale, mwendo wa kama kilomita 40. Hakimu, Ransley Thacker, alikuwa jaji mstaafu aliyeteuliwa kwa kazi hiyo, na baadaye ilijulikana kwamba serikali ya koloni ilimlipa pauni 20,000. Wakili mkuu wa utetezi, D. N. Pritt, alikuja kutoka London. Pamoja naye walikuwa Achhroo Kapila, Jaswant Singh, Fitz de Souza aliyekuwa amerudi majuzi tu kutoka masomoni, H. O. Davies wa Nigeria, Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa akifanya kazi Tanganyika, na Chaman Lall wa India. Pritt alijua mapema kwamba hukumu haitakuwa ya haki. Aliposema hivyo katika simu ya maandishi kwa wabunge wa Uingereza, akashtakiwa kwa kuidharau mahakama, na akaachiliwa. Mtu mwenye hasira angesusa hapo. Pritt alirudi mezani, akaendelea kuwahoji mashahidi mmoja baada ya mwingine, akihakikisha kila jibu linaingia katika kumbukumbu za kesi.

Aprili 8, 1953 walipatikana na hatia wote, wakafungwa miaka saba na kazi ngumu. Kwa kipimo cha mkuki, utetezi ulishindwa. Lakini tazama kilichofuata. Mahakama Kuu ilibatilisha kesi hiyo kwa sababu Thacker hakuwa na mamlaka ya kuisikiza pale, kabla Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki haijaupindua uamuzi huo. Achieng Oneko, mmoja wa wale sita, akashinda rufaa yake kwa ushahidi uleule uliokuwa umeandikwa Kapenguria, ingawa serikali ilimweka kizuizini hata hivyo. Mwaka 1958 Rawson Macharia, shahidi mkuu wa mashtaka, akala kiapo kwamba alidanganya baada ya kuahidiwa mambo mazuri, ikiwa ni pamoja na masomo Uingereza. Serikali ilimshtaki na kumfunga kwa kiapo hicho, na aliyekuja kumtetea ni Pritt yuleyule. Hakuna lolote kati ya haya lingewezekana kama mawakili wale wangechagua kupiga kelele siku tatu na kutoka kwa kishindo. Walishika zamu katika nafasi waliyojua haiwezi kushinda siku hiyo, ili wale watakaokuja nyuma yao wawe na mahali pa kuanzia.

Kushika zamu kuna bei yake, na hapa sitaki kuifanya nyepesi. George Anyona, mwana wa Nyamira aliyekuwa mbunge wa Kitutu Mashariki, alipotiwa kizuizini mwaka 1982, wakili wake John Khaminwa alikamatwa na kuwekwa kizuizini naye. Gibson Kamau Kuria alipata vilevile mwaka 1987, baada ya kutangaza nia ya kuishtaki serikali kwa niaba ya watu walioteswa. Juni 2016 Willie Kimani alitoka katika mahakama ya Mavoko akiwa na mteja wake Josephat Mwenda, mwendesha bodaboda aliyekuwa amemlalamikia polisi, na dereva wa teksi Joseph Muiruri. Miili ya wote watatu ilitolewa mtoni karibu na Ol Donyo Sabuk. Ilichukua hadi 2022 kuwapata na hatia waliohusika, na adhabu ikatolewa mwaka uliofuata. Nikiyasoma haya, kinachonigusa zaidi ni jinsi kazi yenyewe ilivyokuwa ya kawaida. Kimani alikuwa amehudhuria kesi ya mwendesha bodaboda. Hakukuwa na kamera wala umati, na kesi haikuwa ya mtu mashuhuri. Ushujaa wa wakili, mara nyingi, hauna mashahidi wengine zaidi ya karani wa korti.

Kuna ujasiri mwingine ambao kwa Gusii ya leo naona ni mgumu kuliko wa kuikabili serikali, nao ni wa kuwakabili watu wako mwenyewe. Mei 2008 watu 11 walichomwa moto hadi kufa Kisii kwa madai ya uchawi. Oktoba 2021, Marani, wanawake wazee wanne wakauawa kwa namna hiyohiyo. Katika mambo kama haya wakili huhitajika pande mbili, na pande zote mbili zina hatari. Bibi anayenyooshewa kidole anahitaji mtu wa kwenda naye polisi na kwa hakimu kuomba ulinzi kabla umati haujakusanyika, na wakili atakayefanya hivyo ataulizwa sokoni amelipwa nini na wachawi. Kisha, umati ukishaua, vijana waliokamatwa nao wana haki ya kutetewa, na wengine wao huenda walikamatwa kwa sababu tu walikutwa njiani. Atakayewatetea ataitwa mnunuzi wa damu. Kiongozi wa kweli vitani hupimwa kwa namna anavyowazuia askari wake walioshikwa na hasira wasiguse mtu asiye na silaha. Wakili anayesimama kati ya bibi kizee na kijiji, au kati ya kijana asiye na hatia na kijiji kilekile kinachotafuta wa kulaumiwa, anafanya kazi hiyo, na anaifanya mahali ambapo ana shamba, ana wakwe na ana viti vya kukalia harusini.

Kuna watakaosema mfano wenyewe wa vita ni mbovu. Mahakama, watasema, zilianzishwa ili watu waache mikuki. Wakili ni ofisa wa mahakama, hana adui, ana mwenzake msomi upande wa pili. Na ukimjaza mawazo ya vita atafanya lolote apate ushindi. Pingamizi hili lina uzito na sehemu kubwa yake naikubali. Vitani kumdanganya adui ni ufundi, kortini kumdanganya jaji ni kosa linaloweza kumvua mtu uwakili. Mahali ambapo lugha ya vita imeleta madhara makubwa zaidi ni pale shahidi anapokuwa mtoto. Katika kesi za unajisi, wapo mawakili wanaoamini kwamba kumtetea mteja ni kumtisha msichana wa miaka 12 hadi alie. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inamlinda shahidi kama huyo, inaruhusu asaidiwe na mtu wa kati, na inazuia maswali kuhusu maisha yake ya kimapenzi ya nyuma bila ruhusa ya mahakama. Sheria ya Ushahidi nayo inamruhusu hakimu kutegemea maneno ya mtoto huyo peke yake, mradi aandike sababu za kumwamini. Maana yake ni kwamba wakili anayemliza mtoto, licha ya ukatili, amemsaidia mwendesha mashtaka kuliko alivyojua, kwani hakimu amemwona mtoto akilia na bado akishikilia neno lake. Lakini jibu kwa pingamizi hili si kuacha kujifunza kutoka vitani. Majeshi yenye nidhamu yana sheria kuhusu mateka na raia, na ofisa anayezivunja hushtakiwa. Anayechukua vita bila sheria za vita amechukua ujambazi tu.

Na kurudi nyuma nako ni sehemu ya uongozi. Ugomvi wa mpaka wa shamba kati ya ndugu wawili, busaa ikiwa imenyweka, panga likiwa karibu, umejaza magereza yetu. Mara nyingi ushahidi ni mzito lakini hauonyeshi nia ya kuua. Tangu 2008 Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai inaruhusu makubaliano ya kukiri kosa dogo zaidi, kwa mfano kuua bila kukusudia badala ya mauaji. Na tangu Desemba 2017, Mahakama ya Juu ilipoamua katika kesi ya Muruatetu kwamba hukumu ya kifo haiwezi kuwa ya lazima kwa mauaji, maneno ya wakili kuhusu mteja wake kabla ya adhabu yamepata uzito mpya. Ila ukoo umechanga, umekaa benchi la nyuma, na unataka kuona vita. Wakili anayewaambia uso kwa uso kwamba kesi hii haishindiki, kwamba kijana akiri aliyoyafanya, aombe radhi kwa shemeji yake aliyefiwa, na kwamba ada waliyolipa imelipia ushauri huo, anahitaji kifua kuliko yule atakayewaburuza miaka minne wakihudhuria kesi inayoahirishwa. Uamuzi wa kukiri hubaki kuwa wa mteja, bila shaka. Kazi ya wakili ni kuhakikisha unafanywa kwa macho yaliyofunguka, na pia kukataa katakata kumsukuma mtu asiye na hatia akiri ili faili lifungwe mapema. Kutofautisha kesi hizo mbili ndiko kunakohitaji akili baridi, na akili baridi haipatikani kwa mtu aliyelisoma faili asubuhi ya kesi.

Pingamizi la mwisho ni la pesa, na mawakili vijana wa Kisii wana haki ya kulitoa kwa sauti. Ni rahisi kwa mwandishi wa gazeti kudai safari za Nyamache jioni, watasema, wakati kodi ya ofisi inadaiwa na wakili anayeteuliwa na mahakama kumtetea maskini katika kesi ya mauaji hupewa kiasi kidogo, tena kwa kuchelewa. Ni kweli. Kifungu cha 50 cha Katiba kinaitaka serikali impe mshtakiwa wakili kwa gharama yake pale ambapo kukosa wakili kutaleta dhuluma kubwa, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ikaunda chombo cha kulisimamia hilo. Lakini haki iliyoandikwa hailipi nauli. Vijana wa 1905 waliachwa waende na mikuki dhidi ya rashasha, na wakili wa miaka miwili kazini anayekabili kesi ya mauaji bila mpelelezi, bila daktari wa kumsomea ripoti ya upasuaji wa maiti na bila mkubwa wa kumwongoza, anatumwa kwenye uwanja kama ule. Hapo ndipo uongozi unapowahusu wazee wa fani. Kapila na Pritt hawakumwacha de Souza peke yake Kapenguria. Tawi la Chama cha Mawakili katika eneo hili lingeweza kuamua kwamba hakuna wakili chini ya miaka mitano kazini atakayesimamia kesi ya mauaji ya kuteuliwa bila wakili mkongwe kando yake, na kwamba wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Kisii, wengi wao wakizijua njia za vijiji hivi kuliko mwanasheria yeyote wa Nairobi, wasaidie kuchora ramani za maeneo ya matukio na kutafuta mashahidi wa utetezi. Mahakama nayo ingebadilisha jinsi inavyolipa. Badala ya fungu moja linalosubiriwa hadi baada ya hukumu, sehemu ya kwanza itolewe wakili akionyesha kwamba amemtembelea mshtakiwa rumande na amefika mahali tukio lilipotokea, na itolewe kabla shahidi wa kwanza hajaitwa.